Atakayemtukana Mzee Aondolewe

Alhamisi, 7 Oktoba 1954

Siku ya kuoga. Maji baridi. Bomba liko katikati ya uwanja, na banda la wanawake linatazamana nalo. Nyuma ya michongoma ni njia ya Temeke, na wapitao hutazama. Kila Alhamisi nakaa juu ya jiwe nikiwa uchi, natazama vidole vya miguu yangu ili nisimwone anayenitazama.

Maganga, mzee mwenzangu wa bandani, alifunga shuka lake kati ya bomba na mwarobaini. Hufanya hivyo kila mara. Shuka lina matundu. Afadhali kuliko hewa tupu.

Usiku wa kuamkia leo nilijichafua tena. Maganga alinisugua huku akipaza sauti banda zima lisikie. "Mzaramo, leo umenuka mpaka kunguru wamehama. Ngozi yenyewe imekulegea kama kanzu ya kuazima. Ukifa nitakuzika ndani ya gunia la mihogo, sanda ni hasara." Wazee walicheka. Mimi nilicheka kidogo, midomo imefungwa. Sikumjibu. Sijawahi kumjibu. Mwalimu hajibu matusi.

Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo. Watani. Babu zake walipita nchi yetu na misafara, babu zetu wakawazuia njia, wakapigana, kisha wakapatana kwa utani ambao haujaisha hadi leo. Mtani hunitukana, hunivua kofia hadharani, huniosha nikiwa hai na ataniosha nikiwa maiti, na hapana aibu wala ugomvi. Nayajua haya tangu utoto. Hata hivyo nikishavaa hujifanya sikusikia kitu.

Baada ya chakula Bwana Feliksi, msimamizi wetu, aliniita ofisini. Kijana wa Songea, alikuwa dresa hospitali akifunga vidonda kabla ya kuletwa hapa. Mwema, ana haraka. Amesema kamati ya kambi hii ya wazee inataka kubadilisha kanuni. Zilizopo ziliandikwa wakati wa vita, mabanda haya yalipokuwa ya askari, na bado ni za askari. Wanataka kusikia maoni ya wazee wenyewe. Nani ataandika? Mwalimu.

Nilijifanya nafikiri. Nilikuwa nimekwisha kukubali kabla hajamaliza kusema.

Jumamosi, 9 Oktoba

Naandika tangu asubuhi. Kichwa ni chepesi. Sijafurahi hivi tangu niingie hapa. Tangu kabla ya hapo. Tangu barua ya jeshi kutoka Burma iliyoniambia sina tena mtoto.

Nimewauliza wote, hata wanawake. Wanayotaka si makubwa. Kila mtu apate sahani yake, tusichote ndoo moja kama ng'ombe. Chakula cha jioni kiliwe jioni, si alasiri kwa sababu mpishi anataka kuwahi kwake. Tuitwe kwa majina, si kwa namba za vitanda. Mahali pa kuogea pasitiriwe. Bi Mwanahawa, yule kipofu wa banda la wanawake, alitaka jambo moja tu: mtu akitaka kumgusa aseme kwanza yeye ni nani. Nimeliandika vilevile alivyolisema.

Kisha matusi. Mpishi hutuita mizigo. Juzi mlinzi wa lango alimwambia mzee mwenzangu kwamba kifo kimemsahau. Mzee yule hakula siku ile. Jambo hili nililikalia muda mrefu. Nimeandika: Mtu yeyote, awe mtumishi au mkazi, atakayemtukana mzee aondolewe kambini. Nikasoma kwa sauti. Imenyooka. Haina neno la kuongeza wala la kupunguza. Nikaipigia mstari.

Maganga alikuja kuchungulia. Hajui kusoma. "Unaandika nini huko? Unawaambia Wazungu unakojoa kitandani?" Nikamwambia asogee, ananizibia mwanga.

Jumatano, 13 Oktoba

Kamati imekuja. Watu watatu mezani: bwana mmoja wa bomani, tajiri mmoja wa Kihindi, na Memsabu, ndiye mwenyekiti. Mwanamke wa Kizungu, wa makamo. Kiswahili chake kizuri, kizito kidogo mdomoni. Nilivaa kanzu nyeupe na koti langu la zamani. Nikasoma yote nikiwa nimesimama, mkono mmoja juu ya meza nisianguke.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema hata kwao hajaona wazee wakijisemea vizuri namna hii. Akavuta kiti karibu na chake, akaniambia nikae. Chai katika kikombe cha kaure. Nilikunywa polepole ili nikae zaidi.

Nimerudi bandani nikiwa mtu.

Jumanne, 19 Oktoba

Kanuni mpya zimesomwa uwanjani. Zimekubaliwa zote. Sahani za bati zimeletwa, kila moja na jina kwa rangi nyekundu. Mafundi wamemaliza chumba cha kuogea: kuta za makuti, pazia la turubai mlangoni. Mlinzi ameniita Mzee Salehe. Mpishi amenuna lakini tumekula magharibi. Mhudumu alimshika mkono Bi Mwanahawa baada ya kusema jina lake kwanza, na bibi akalia kimya, machozi bila sauti. Niliona mwenyewe.

Siwezi kukaa kitandani. Nazunguka uwanjani na fimbo. Nagusa makuti. Narudi bandani, natazama sahani yangu, natoka tena. Jirani amesema nitulie, namtia kizunguzungu.

Alhamisi, 21 Oktoba

Sijui nianze wapi. Niandike tu.

Tulikuwa ndani ya chumba cha kuogea. Maganga ananisugua mgongo. Kwa kuwa sasa tuna kuta, alipandisha sauti zaidi ya siku zote. "Kaa sawa, maiti wewe. Kifo kilikuja jana kukuchukua, kikakunusa, kikaniambia mie, Maganga, kwanza muoshe huyu. Nakuosha bure, Mzaramo. Siku yenyewe ikifika kofia yako ni yangu na kitanda chako nalala mie." Nilikuwa nacheka. Kweli nilikuwa nacheka, povu la sabuni usoni.

Pazia likafunguliwa kidogo. Memsabu alikuwa nje na Bwana Feliksi na wageni wawili, wamekuja kuonyeshwa chumba kipya. Walikuwa wamesikia. Uso wake umeiva. Aligeukia pembeni kwa adabu, mimi nikajifunika kwa viganja. Akauliza huku akitazama makuti, "Mzee Salehe, mtu huyu hukutukana hivi siku zote?"

Nikasema, "Ndiyo, Memsabu."

Basi. Sikuongeza neno. Maganga alikuwa bado anacheka, kopo la maji mkononi, anangoja nimalizie. Sikumalizia. Kicheko chake kikapungua, kikaisha. Akaliweka kopo karibu na mguu wangu, akanifunika shuka mabegani, akatoka.

Ijumaa, 22 Oktoba

Maganga ameondolewa bandani. Amelala stoo ya magunia karibu na lango. Kanuni inasema aondolewe, na kwa kuwa hana nyumba ya kwenda, bwana wa bomani ameamua arudishwe kwao Tabora. Treni ya Jumatatu, tarehe mosi. Waranti ya safari imekwisha kuandikwa.

Kwao. Aliondoka huko mtoto, nyuma ya wapagazi, akibeba sufuria ya baba yake. Hajarudi tena. Hana ndugu anayejua kama yu hai. Ni mzee kama mimi, tofauti yetu ni kwamba miguu yake bado inamtii. Atashuka stesheni atazame kulia na kushoto.

Nilikwenda kwa Bwana Feliksi nikamwambia ule ni utani. Hakushangaa hata kidogo.

"Mwalimu, mie najua. Songea nasi tuna watani wetu. Pale nje nilikuwa nacheka moyoni. Lakini Memsabu alikuuliza wewe, hakuniuliza mie. Ukasema ndiyo. Na kanuni umeiandika wewe."

"Basi mweleze."

"Nikieleza mie ataona namtetea mtu kwa sababu ni Mwafrika mwenzangu. Kamati inakaa Ijumaa ijayo. Njoo useme mwenyewe, kwa mdomo wako."

Nikasema nitafikiri.

Kwa nini nilisema nitafikiri?

Jumapili, 24 Oktoba

Nimepita mbele ya stoo. Mlango wazi. Maganga amekaa juu ya gunia anashona shuka lake. Nikapita tena. Hakuinua macho. Nikapita tena nikijifanya natafuta fimbo, na fimbo ilikuwa mkononi mwangu.

Sahani yangu nimeirudisha jikoni imejaa.

Jumanne, 26 Oktoba

Mwoshaji mpya ameanza kazi. Analipwa, amefundishwa hospitali. Sefu. Nilimfundisha kusoma nilipokuwa Msasani. Nilimchapa pia. Sasa ana mvi pembeni mwa masikio. "Shikamoo, Mwalimu. Sikujua kama uko hapa. Mungu amenipa bahati ya kukutumikia."

Nilikuwa nimejichafua, kwa hiyo hatukungoja Alhamisi. Aliniosha kwa mikono laini. Aligeuza uso palipopasa kugeuza uso. Kila alipogusa aliomba radhi. Samahani, Mwalimu. Inua mkono, samahani, Mwalimu. Mpaka chini kabisa, samahani, Mwalimu. Hakufanya kosa hata moja. Alifuata kila nilichoandika.

Sijapata kuwa uchi kama leo. Pale bombani, mbele ya njia nzima, sikuwa uchi hivi. Kwa Maganga nilikuwa mzee mchafu anayesafishwa, basi, kama chungu. Kwa Sefu nilikuwa mwalimu wake. Alikuwa anamwona yule wa ubaoni, mwenye kofia na kiboko, na huku mkono wake uko kwenye uchafu wangu. Aliona aibu kwa ajili yangu. Aibu yake ikanipata mimi mara mbili.

Nilipovaa nilimwambia asije tena. Alidhani amenikosea. Alitoka amenywea, na mimi sikumwita.

Jumatano, 27 Oktoba

Sikulala. Nimewaza jambo lisilompasa mtu wa umri wangu kuliogopa. Nikifa wiki ijayo, Sefu ndiye atakayeniosha. Ataniosha kwa huzuni. Wote watakuwa na huzuni na adabu. Hapatakuwa na mtu wa kuzuia jeneza njiani na kudai apewe kitu, wala wa kuvaa kofia yangu akatembea kama mimi, fimbo kwapani, akawachekesha waliokuja kulia. Kwetu mazishi yasiyo na mtani ni kama ya mtu aliyeokotwa.

Nimeinuka nikaenda mpaka mlangoni. Nikarudi. Nikaenda tena.

Alhamisi, 28 Oktoba

Sikuoga. Nimekataa. Nanuka, najua. Jirani amehamishia kichwa chake upande wa miguu. Homa, kifua kinakwaruza. Bwana Feliksi ameleta dawa, akaniuliza kama kesho nitafika mbele ya kamati. Nikamjibu naumwa. Alisimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu, akaenda zake.

Niandike ukweli sasa. Sina muda mrefu, na hapa hakuna wa kunisikia.

Wiki nzima najiambia sabuni iliniingia machoni. Kwamba nilishtuka. Kwamba niliulizwa swali la ndiyo au siyo nikajibu linalostahili. Uongo. Nafasi ya kueleza nilikuwa nayo. Kiswahili ninacho, Kiingereza kidogo ninacho, hata Kijerumani cha Wadachi walionisomesha hakijaniisha. Sikutaka. Memsabu alinivutia kiti karibu na chake. Alinitazama kama mtu aliyeelimika. Nikaona nikimweleza kwamba mpagazi asiyejua kusoma huniita maiti na mimi hufurahi, ataniona mshenzi aliyefundishwa kuandika. Nikamtoa Maganga ili nibaki na kiti.

Hilo ndilo nililolifanya. Halina jina lingine.

Na kuna la pili, dogo, naona ndilo baya zaidi. Muda wote huo Maganga ananitania na mimi simjibu. Utani ni wa watu wawili. Nilimwachia yeye matusi yote nikajiwekea mimi heshima yote, kwa hiyo siku mgeni aliposikia, alisikia mtukanaji mmoja na mzee mmoja anayetukanwa. Ningemjibu hata mara moja, angesikia wawili wanacheza.

Nitakwenda kesho. Wanibebe ikibidi.

Ijumaa, 29 Oktoba

Walinibeba kwenye kiti, mlinzi mbele, Sefu nyuma. Sefu mwenyewe alikuja kujitolea. Kanzu ileile nyeupe, lakini mwili haujaona maji, na chumba cha kamati ni kidogo. Memsabu alifungua dirisha, kisha akaona haya kwa kulifungua. Nikamwambia aliache wazi.

Nilisema. Sikuwa na karatasi. Nilisema nilitoa nusu ya jibu. Nilisema mimi hujichafua kitandani, na kwamba mtu mmoja ndiye anayeniosha bila malipo, wala hakuambiwa na mtu, na matusi yake ndiyo yanayoniwezesha kukaa uchi mbele yake. Tajiri wa Kihindi akaacha kuchezea kalamu. Nikaeleza watani ni nani. Nikasema nilijua haya siku ile na nilinyamaza kwa sababu nilimwonea haya mtu huyu mbele yenu.

Hilo la mwisho lilitoka kama jino.

Memsabu alikunja uso. Si kwa hasira, alikuwa anatafuta. "Lakini alikuita maiti. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Ndiyo, Memsabu. Ananizoesha."

"Na mlinzi uliyetuambia siku ile, aliyesema kifo kimemsahau mzee? Yule ulitaka aondolewe. Maneno ni yaleyale."

Swali zuri. Mlinzi alikuwa amesimama pale pale, anatazama kucha zake. Nikasema mlinzi si mtani wa mzee yule, na mzee yule hakula. Akauliza kamati itajuaje tofauti ikiwa kanuni haiwezi kuionyesha. Sikuwa na sentensi ya kumpa. Mimi, mwandishi wa kanuni. Nikamwomba Maganga aitwe.

Aliingia amevaa shati safi, mikono ameikunja mbele. Akaniangalia kifuani, si usoni. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

Sijapata kulisikia neno hilo mdomoni mwake. Memsabu alitabasamu, aliona mtu amejirudi. Bwana Feliksi alitazama chini, yeye alielewa. Mtani akikuamkia kwa adabu, amekwisha kukuhesabu mgeni. Hana ugomvi nawe. Hana kitu nawe kabisa.

Nikasema mbele yao wote, kwa sauti niliyokuwa nayo darasani:

"Shikamoo umeiokota wapi, Mnyamwezi? Punda uliyesahauliwa na msafara. Baba yako alikuleta pwani akubadilishe na chumvi, wazee wetu wakakukagua, wakamwambia chumvi yetu itaharibika. Na leo unaniamkia kwa meno yaliyooza kama nguzo za gati la Kigamboni."

Mlinzi alibaki mdomo wazi. Nilikuwa kama mtoto aliyevunja mtungi, sikujua kama nimechelewa.

Maganga hakuinua kichwa upesi. Niliyaona mabega yake kwanza, yanatikisika. Kisha akawageukia kamati, akasema kwa masikitiko makubwa:

"Memsabu, mmemsikia wenyewe. Amesoma kwa Wadachi, amesoma kwa Waingereza, amezeeka na kalamu sikioni, na tusi lenyewe ni la mtoto wa chuo cha Kurani. Mniache nibaki nimfundishe. La sivyo atakufa mjinga, na aibu ni ya serikali."

Bwana Feliksi alicheka, akajizuia, akashindwa. Sefu nyuma yangu alicheka. Na mimi nikacheka mpaka kikohozi kikanikaba, na Maganga akavuka chumba bila ruhusa ya mtu, akanipiga mgongoni kwa kiganja, akaniambia nisifie humu, nitaichafua meza ya watu.

Memsabu hakucheka. Sidhani alielewa yote, lakini alikuwa anautazama mkono wa Maganga mgongoni mwangu. Akamuuliza yeye, si mimi, "Wewe unataka kubaki?"

"Nikienda, nani atamuosha huyu? Hamsikii harufu?"

Wamesema watajadili.

Jumamosi, 30 Oktoba

Hakuna jibu. Maganga bado yuko stoo, mlinzi ana amri na amri haijabadilika. Nimemtuma Sefu mara kwa mara ofisini. Nimejigeuza kitandani mpaka mgongo umechubuka. Homa imepanda.

Jumapili, 31 Oktoba

Asubuhi hakuna. Adhuhuri hakuna. Nimemsikia Maganga akimuuliza mlinzi kama Tabora kuna baridi mwezi huu. Hakumbuki. Nimejifunika shuka mpaka kichwani.

Alasiri Bwana Feliksi alikuja kwa baiskeli kutoka mjini, shati limelowa jasho. Waranti imefutwa. Kanuni imebaki, ila wameongeza maneno: kwamba kabla ya mtu kuondolewa, mzee anayehusika aulizwe faraghani, akiwa amevaa, na apewe siku ya kufikiri kabla ya kujibu. Na kwamba kila mzee aulizwe anataka kuoshwa na nani, na anayemtaka, kama yupo na amekubali, aruhusiwe.

Alinipa nisome. Sentensi zimepinda, kama mtu aliyeandika amesimama. Ningeweza kuzinyoosha. Nikamrudishia.

Jumanne, 2 Novemba

Leo wanapita na kuuliza, kitanda kwa kitanda. Mengine sikuyategemea. Mzee mmoja amesema hataki mtu, apewe ndoo tu ajikokote mwenyewe. Mwingine amemtaka Sefu, amechoka na kelele. Bi Mwanahawa ameuliza kama anaweza kujibu wiki ijayo, kwa kuwa hajapata kuulizwa na hana jibu tayari. Wamemwambia ndiyo.

Nimemwita Sefu. Nimemwambia hakunikosea kitu. Kwamba mikono yake ni mizuri ila mimi siiwezi. Akasema, "Hata mie niliona vibaya, Mwalimu. Nilikuwa nikikugusa naona kama nitachapwa." Nikamwomba awe anakuja jioni kunisomea. Macho yangu hayafiki tena kwenye herufi ndogo. Anasoma vizuri. Bado anavuta mwisho wa sentensi kama zamani, na sikumkosoa.

Alhamisi, 4 Novemba

Nimeoshwa. Siandiki aliyoyasema. Nilimjibu mara mbili, moja ilikuwa nzuri.

Jumamosi, 6 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Homa imeshuka, nguvu hazikurudi. Naandika kwa vipande.

Bwana Feliksi ameniuliza kwa upole lile la mwisho, nani anishughulikie nikifa. Nimemtajia. Ameandika.

Maganga amekaa ukingoni mwa kitanda. Amechukua bakuli langu la uji bila kuomba, anakula. Anasema umepoa. Sikumkataza, sina njaa. Amebakisha kidogo chini, ameliweka bakuli karibu na mkono wangu.